Mungu Anayeinama: Jinsi Maandiko Yanavyomwonyesha Bwana Akishuka Hadi Penye Udhaifu Wetu



Katika makanisa yetu ya mashariki neno "kujishusha" linasikika karibu kila Jumapili. Vijana wanaambiwa wajishushe mbele ya wazee, mama mbele ya baba, mwamini mbele ya mchungaji, na sote mbele za Mungu. Ni mara chache tunasikia neno hilo likisemwa juu ya Mungu mwenyewe. Lakini Maandiko yanalisema juu yake, tena yanaanzia huko kabla ya kutudai sisi chochote. Katika makala hii tunafuata fundisho hilo toka Mwanzo hadi nyaraka za mitume, tukiwafikiria hasa wale wanaoongoza vikundi vya Biblia, masomo ya ubatizo na shule ya Jumapili, ili wapate mahali pa kuanzia.

Aliye juu huinama

Andiko la kushika kwanza ni Zaburi 113. Mtunga zaburi anauliza ni nani anayefanana na Bwana aketiye juu. Tungetazamia ajibu kwa kutaja majeshi ya malaika au kiti cha enzi. Yeye anajibu kwamba Bwana huinama ili atazame. Biblia yetu ya Kiswahili imeweka neno "anyenyekeaye". Hata mbingu, ambazo kwetu ndizo mwisho wa urefu, Mungu hulazimika kuinama ndipo azione. Kutoka hapo macho yake yanashuka mpaka mavumbini na jaani, mahali panapotupwa takataka na ambapo maskini hutafuta cha kuokota, halafu yanaingia katika nyumba ya mwanamke asiye na mtoto. Zaburi inaishia humo nyumbani. Haimwoni Mungu akipungukiwa na ukuu kwa kuinama huko. Inamsifu kwa sababu hiyo.

Andiko la pili halijulikani sana. Katika Zaburi 18:35 Daudi anahesabu vitu vilivyomfanya aokoke mikononi mwa adui zake: ngao ya Bwana, mkono wake wa kuume, na, cha ajabu, unyenyekevu wake. Ndio uliomkuza. Neno la Kiebrania lililoko pale ni lilelile linalosemwa juu ya mtu mnyenyekevu, na watafsiri wa lugha nyingi waliogopa kulibandika kwa Mungu. Wale wa kale walioweka zaburi katika Kigiriki waliandika jambo linalohusu kufundisha na kurudi. Wengine baadaye wakaandika upole, wengine msaada. Union Version ya Kiswahili haikukwepa, nasi tunawashukuru wazee waliolifanya kazi hiyo wakaliacha neno kama lilivyo.

Ukilishika hilo, hadithi za Mwanzo zinaanza kusomeka upya. Baada ya dhambi ya kwanza Mungu haiti kwa sauti kutoka mbinguni. Anatembea bustanini, anauliza Adamu yuko wapi, na kabla ya kuwatoa nje anawatengenezea mavazi ya ngozi, kwa maana majani waliyojishonea hayakuwafaa (Mwanzo 3). Hukumu imetolewa, na bado Hakimu anawavalisha waliohukumiwa. Huko Babeli watu wanajenga mnara ili kilele chake kifike mbinguni, na mwandishi anasema Bwana alishuka ili auone. Wengine hawaoni kwamba hapo kuna kicheko: mnara wa kufika mbinguni ulikuwa mfupi kiasi kwamba mwenye mbingu alibidi ashuke ndipo auone! Siku hiyo alishuka kuwatawanya wenye kiburi. Katika Kutoka 3 anashuka tena, sasa kwa ajili ya watumwa. Anamwambia Musa ameona, amesikia, anayajua maumivu yao, na ameshuka kuwaokoa. Kitenzi ni kilekile. Tofauti iko katika watu anaowakuta huko chini.

Na Musa mwenyewe? Anatoa sababu moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu anamkasirikia, Biblia haifichi hilo. Lakini pamoja na hasira anampa Haruni awe kinywa chake. Gideoni vilevile: anakutwa akipura ngano ndani ya shinikizo la divai kwa hofu ya Wamidiani, na baadaye anaomba alama ya ngozi ya kondoo mara mbili, usiku wa pili kinyume cha ule wa kwanza. Mungu anafanya mara zote mbili.

Walimu wa kanisa la kale walilipa fundisho hili jina. Yohana Krisostomo, mhubiri wa Antiokia aliyekuja kuwa askofu wa Konstantinopoli na kufa mwaka 407, alipenda neno la Kigiriki "sunkatabasis", yaani kushuka pamoja na mtu. Alilirudia sana alipohubiri kitabu cha Mwanzo, kila alipokuta Mungu akisemwa kuwa anatembea au anakasirika kama mwanadamu. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye Yohana Kalvini wa Geneva alieleza jambo hilo kwa mfano wa mlezi: anayelea mtoto mchanga hutamka maneno nusunusu kama mtoto mwenyewe, na Mungu katika Maandiko husema nasi hivyo. Mama yeyote katika kutaniko lenu ataufahamu mfano huo haraka kuliko mwanafunzi wa teolojia.

Hata lugha ya Agano Jipya inashuhudia. Kwa muda mrefu wataalamu walishangaa kwa nini Kigiriki chake hakifanani na kile cha wanafalsafa wa Athene. Mafunjo yalipochimbuliwa katika mchanga wa Misri, Mjerumani Adolf Deissmann, ambaye kitabu chake maarufu juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1908, alionyesha kwamba maneno ya mitume ni maneno ya barua za nyumbani, stakabadhi na mapatano ya biashara. Injili iliandikwa kwa lugha ya soko. Sisi ambao Kiswahili chetu kilitufikia kwa njia za misafara ya biashara, kikakulia sokoni na kuchekwa na watu wa pwani mpaka leo, tuna haki ya kulifurahia hilo kidogo.

Mkate chini ya mretemu

Kama tungepaswa kuchagua sura moja tu ya kufundisha jambo hili, tungechagua 1 Wafalme 19.

Eliya ametoka mlima Karmeli. Moto umeshuka, umati umeanguka kifudifudi, manabii wa Baali wameshindwa. Ndipo malkia Yezebeli anamtumia neno la kumwua, na nabii huyohuyo anakimbia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Yametosha, anasema.

Tutazame kwanza yale ambayo Mungu hafanyi. Hamkemei kwa kukosa imani. Hamkumbushi moto wa Karmeli. Hamwagizi afunge. Anamwacha alale, na neno la kwanza kutoka mbinguni linahusu chakula: malaika anamgusa na kumwambia aamke, ale. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, kisha analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, bila lawama, na sasa anatoa sababu: safari iliyo mbele inazidi nguvu zake. Mungu ameipima njia, amempima mtu, ameona havilingani, na ameongeza chakula.

Tunawajua watumishi wa Mungu katika eneo letu waliolala porini pamoja na kondoo wao, waliozika katika juma moja watu wengi kuliko waliobatiza mwaka mzima, kisha Jumapili wakasimama kuhubiri. Mtumishi wa namna hiyo akithubutu kusema amechoka, mara nyingi huambiwa aongeze maombi na kufunga. Hatusemi vibaya juu ya maombi. Tunasema tu kwamba malaika wa Bwana, alipotumwa kwa mtu aliyetaka kufa, alikuja na mkate na maji, akamwacha alale mara mbili. Maombi yalikuja baadaye, siku 40 baadaye, huko Horebu.

Huko Horebu unapita upepo wa kupasua miamba, halafu tetemeko, halafu moto, na Andiko linasema Bwana hakuwamo katika hivyo. Wenzetu wa Goma waliouona moto wa Nyiragongo tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na ardhi ikaendelea kutikisika siku zilizofuata, hawahitaji kuelezwa aya hizi. Baada ya moto kama huo hawakosekani wahubiri wanaojua mara moja Mungu alikuwa anasema nini ndani yake na dhambi ilikuwa ya nani. 1 Wafalme inakwenda polepole kuliko wao. Baada ya moto inakuja sauti ndogo, tulivu, ambayo ili uisikie lazima msemaji awe karibu.

Na sauti hiyo inauliza swali lilelile lililoulizwa kabla ya upepo: Eliya, unafanya nini hapa? Nabii anajibu kwa malalamiko yaleyale, karibu neno kwa neno. Hata baada ya kusikia sauti ya Mungu hajabadilika! Mtu mwingine angekata tamaa naye. Mungu anamsikiliza mara ya pili kama mara ya kwanza, kisha anampa kazi, anampa Elisha wa kumsaidia, na anamrekebisha hesabu: alidhani amebaki peke yake, kumbe wako 7,000 wasiompigia Baali magoti.

Makopo mawili ya unga

Kitabu cha Walawi wengi wetu hukiruka. Tunaomba msikiruke kwenye sura ya 5.

Pale sheria inaeleza sadaka ya mtu aliyefanya kosa. Alete kondoo jike au mbuzi jike. Halafu sheria yenyewe inasimama kidogo na kusema: kama mali yake haifikii mwana-kondoo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Halafu inashuka tena: kama hata ndege hawezi kuwapata, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, bila mafuta wala ubani. Hiyo ni karibu lita 2, tuseme makopo mawili. Kuhani anatwaa konzi moja na kuiteketeza madhabahuni. Sasa angalieni linalofuata kila moja ya sadaka hizo tatu: kuhani atafanya upatanisho kwa ajili yake. Aliyeleta kondoo hapati upatanisho mzito kuliko aliyeleta unga. Katika ibada ambayo damu ilikuwa msingi wake, Mungu aliinamisha madhabahu yake mwenyewe mpaka ikafika urefu wa maskini kabisa.

Sheria kama hiyo iko katika sura ya 12 kwa ajili ya mama aliyejifungua: mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja, na asiyeweza alete ndege wawili. Luka, ambaye haandiki kitu bure, anataja kwamba Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto Yesu hekaluni ilitolewa sadaka ya ndege wawili. Basi Mwana wa Mungu aliingia katika nyumba ya Baba yake kwa mlango ambao Baba yake alikuwa amewafungulia maskini zamani za Musa. Yeye aliyeinama akaja kusimama upande wa wale aliowainamia.

Tunaliandika hili tukiwa na jambo moyoni. Kuna makanisa ambamo matoleo hutangazwa, jina na kiasi, na wenye kiasi kikubwa huitwa mbele kuombewa. Mama aliyekimbia kijiji chake na watoto, anayelala katika chumba cha kuazima, akifika na kopo la unga wa muhogo amefunga katika kitambaa, anangoja watu watoke ndipo aliweke. Mwingine haji kabisa, kwa kuwa hana cha kushika mkononi. Hakuna aliyemkataza. Lakini madhabahu yetu imekuwa ndefu kuliko ile ya Walawi.

Namna ya mtumwa

Andiko ambalo kila mhubiri hulitaja katika fundisho hili ni Wafilipi 2:5-11. Kristo, aliyekuwa katika namna ya Mungu, hakuling'ang'ania hilo. Alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa, akatii mpaka mauti, tena mauti ya msalaba. Filipi lilikuwa koloni la Kirumi, mji uliojivunia uraia wake, na wasomaji wa kwanza walijua msalaba ni adhabu ya watumwa na waasi. Raia wa Rumi kwa kawaida hakusulubiwa. Paulo, mwenyewe akiwa kifungoni, anawaambia wenye uraia kwamba Bwana wao alikufa kifo ambacho wao wasingekufa.

Kwa nini aliandika maneno makubwa hivyo? Tukienda mpaka sura ya 4 tunawakuta Euodia na Sintike, dada wawili waliofanya kazi ya Injili pamoja na Paulo, na hawapatani. Maneno ambayo kanisa limeyatumia kufundisha siri ya Mungu kuwa mtu yalipelekwa kwa kanisa lenye ugomvi wa viongozi. Jambo hilo linatuhusu kwa karibu. Tumeona jumuiya zikigawanyika juu ya kiti cha uongozi, waamini wa parokia moja wakisali katika majengo mawili yanayotazamana, na faili zikipelekwa mahakamani na watu ambao asubuhi wameshiriki meza ya Bwana.

Lakini hapa tunapaswa kusema wazi jambo ambalo limeumiza wengi. Andiko hili lina mwelekeo: linaanza juu na kwenda chini. Mwenye namna ya Mungu ndiye anayejishusha. Tumesikia likisomewa mke anayepigwa, ili arudi akanyamaze, na likisomewa mlinzi ambaye hajalipwa miezi mingi, ili asiulize. Huko ni kuligeuza. Mke huyo hakushuka, alisukumwa. Wafilipi 2 inapaswa kusomwa kwanza na mwenye mkono wa kupiga na mwenye ufunguo wa sanduku. Nao waliokwisha kuwa mavumbini wasomewe Zaburi 113, ambako Bwana anainama ili awainue.

Zaburi hiyo yafaa kuikumbuka usiku wa Yohana 13 pia. Kwa desturi ya Wayahudi, Zaburi 113 hadi 118 huimbwa wakati wa Pasaka, za kwanza kabla ya chakula na nyingine baada yake. Mathayo na Marko wanasema Yesu na wanafunzi waliimba kabla ya kwenda mlima wa Mizeituni. Yaelekea basi kwamba usiku uleule walioimba juu ya Mungu ainamaye, walimwona Mwalimu wao akiondoka chakulani, akiweka mavazi yake kando, akijifunga kitambaa na kumimina maji katika bonde la kuogea. Yohana anasema alifanya hivyo akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi. Mikono iliyopewa vyote ilishika miguu yenye vumbi. Petro alikataa kwanza, kwa aibu ambayo sisi tunaoheshimu wakubwa tunaielewa vizuri. Yuda alikuwa bado hajatoka.

Kuinama si kukubali kila kitu

Wapo wanaolitumia fundisho hili kama mto wa kulalia: Mungu anaujua udhaifu wangu, basi aniache nilivyo. Maandiko hayaendi huko. Israeli walipoomba mfalme, Mungu aliwapa, lakini alimwagiza Samweli awaonye mfalme huyo atawachukulia nini (1 Samweli 8). Yesu anasema Musa aliruhusu talaka kwa sababu ya ugumu wa mioyo, na kwamba tangu mwanzo haikuwa hivyo. Mungu anaweza kushuka mpaka mahali tulipo bila kupaita pazuri. Eliya alilishwa chini ya mretemu, ila hakuruhusiwa kukaa chini yake.

Kwa vikundi vitakavyoendelea na somo hili, tunashauri Isaya 46:1-4 isomwe kwa sauti mbele ya wazee wa kanisa. Humo miungu ya Babeli inabebwa na wanyama waliochoka, na Mungu wa Israeli anawabeba watu wake toka tumboni mpaka mvi. Siku nyingine someni Marko 7:31-37. Yesu anamtenga kiziwi na umati, anatia vidole masikioni mwake, anagusa ulimi wake, anatazama juu, anaugua. Mambo hayo yote mtu asiyesikia anaweza kuyaona na kuyahisi. Neno linakuja mwisho. Kama kanisani kwenu yuko kiziwi, mwombeni yeye awasimulie habari hiyo kwa mikono yake, nanyi mkae kimya mtazame.